Sura ya Tano: Mizani Imehama

Katibu aliutoa mpango kabatini, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akauweka mezani. Ulikuwa na kurasa zaidi ya hamsini, jalada la plastiki, na mbele picha ya vitumba vya pamba vilivyopasuka vyeupe. Ulikuwa mpango mkakati wa miaka mitano wa chama cha msingi cha wakulima katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Magu, mashariki ya Mwanza mjini. Muda wake ulikuwa umekwisha, na bodi ilikuwa imeniita niwasaidie kuuhuisha.

Tulianza kama vikao vya namna hii vinavyoanza kila mahali: dira, dhamira, nguvu, udhaifu, fursa, vikwazo. Tulikuwa tumefika kwenye fursa pale mama mmoja wa makamo, mjumbe wa bodi, alipofungua pindo la kanga yake na kutoa karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Ya kwanza ilikuwa stakabadhi ya mizani: kilo 214 za pamba safi. Ya pili ilionyesha fedha alizolipwa. Alizilaza juu ya mpango, moja kando ya nyingine.

“Mwanangu,” aliniambia, “kabla hatujaandika ya miaka mitano ijayo, nisomee hizi. Nimezidisha mara tatu, na hazikutani.”

Hazikukutana kwa sababu kati ya mizani na malipo kulikuwa na makato ya mbegu na dawa ya wadudu alizochukua kwa mkopo mwanzoni mwa msimu. Inawezekana kila kato lilikuwa halali. Lakini hakuna aliyekuwa amekaa naye kumweleza, na katika kurasa zote zile hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema kumweleza ni kazi ya nani. Tuliyaacha yale majedwali. Saa mbili zilizofuata tulizimaliza kwenye karatasi zile mbili, na katika vikao vyote vya mipango nilivyowahi kukaa, hakuna kilichonifunza zaidi kuliko hicho.

Swali la yule mama lina umri wa zaidi ya miaka sabini. Ndilo lililouzaa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Katika sura hii nataka tufuate safari ya swali hilo, kwa sababu chama kinachotaka kupitia upya mpango wake katika nyakati zinazobadilika hakina mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

*Wapimaji wa wakulima*

Rudi nyuma hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Reli ilikuwa imefika Mwanza tangu 1928, na pamba ya Usukuma, Ukerewe na Uzinza ilikuwa ikisafiri kwenda kuvisha watu wa mbali. Mkulima aliibeba kichwani, kwa baiskeli au kwa gari la ng’ombe hadi kwenye kituo cha mnunuzi. Mnunuzi ndiye aliyemiliki mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyetaja uzito. Mkulima asiyejua kusoma alirudi nyumbani na alichopewa. Aliyejua kusoma naye alirudi na hicho hicho, maana hapakuwa na kituo kingine cha kukimbilia.

Wakulima walilijibu jambo hili kwa njia rahisi inayonigusa kila ninapoifikiria. Hawakuanza na kiwanda wala na benki. Waliajiri wapimaji wao wenyewe. Pamba ilipimwa kwanza kwa mizani ya wakulima, uzito ukaandikwa, kisha mzigo ukapelekwa kwa mnunuzi na hesabu mbili zikalinganishwa. Baada ya hapo mnunuzi alijua kwamba aliye mbele yake anaujua uzito wa pamba yake kabla hajaufungua mzigo.

Katika vuguvugu hilo alisimama Paul Bomani, kijana aliyezaliwa mwaka 1925, aliyepata kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, na tangu 1947 akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Alizunguka vijijini akiwasikiliza wakulima. Aliona kwamba Wasukuma walikwisha kujua kufanya kazi kwa pamoja: vikundi vya vijana wa kulima vilikuwa na viongozi wao, basumba batale, waliochaguliwa na kuheshimiwa na wenzao. Ushirika ulipandwa juu ya ardhi iliyokwisha kulimwa. Mwaka 1952 wakulima wa jimbo zima walikuwa na chama chao. Bomani akaenda kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough, Uingereza, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU, likiunganisha vyama vya wakulima wa pamba kuzunguka ziwa, yeye akiwa meneja mkuu.

Mpango wa kwanza wa shirikisho hilo ungeenea kwenye kipande cha karatasi. Pima sawasawa, lipa papo hapo, kisha nenda hatua moja mbele ya mizani: miliki kinu cha kuchambua pamba, ili faida ya nyuzi na mbegu nayo irudi kwa mkulima. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, mamia ya vyama vya msingi yalikuwa chini yake na karibu pamba yote ya kanda ilipita mikononi mwake. Lilihesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika yaliyomilikiwa na Waafrika katika bara zima. Mwaka 1960 Bomani aliitwa serikalini kuwa Waziri wa Kilimo, na baadaye akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru.

Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, nao walianzia karibu na hapo hapo. Walikuwa wamechoshwa na unga uliochanganywa vitu visivyo unga na ratili zisizotimia. Waliuza vitu vichache, unga, siagi, sukari na mishumaa, lakini kwa kipimo cha haki. Bahari mbili mbali na miaka mia moja kabla, ushirika ulizaliwa na shaka ile ile ya mtu mnyonge mbele ya mizani.

*Mpango ulipolizidi swali*

Mafanikio yana hatari yake. Chama kilichojibu swali moja vizuri huombwa kujibu mengine yote. Baada ya Uhuru, shirikisho lilikuwa mnunuzi pekee wa pamba ya mkulima. Mizani iliyokuwa ya mgeni ikawa ya chama, na mpimaji wa mkulima aliyekuwa akilinganisha hesabu hakuonekana tena kuwa na kazi. Kwa nini umpime ndugu yako?

Hapo ndipo ufa ulipoanzia. Katikati ya miaka ya 1960 shirikisho lilijitwisha mashamba makubwa ya pamoja ya kulimwa kwa matrekta, mradi uliotazamiwa kuleta mapinduzi ya kilimo Usukuma. Matrekta yaliharibika yakakosa vipuri, gharama zikapita mavuno, na deni likaangukia wakulima ambao wengi wao hawakuwahi kuulizwa kama walilihitaji trekta. Vyama vya msingi vilifunguliwa haraka kuliko makatibu walivyoweza kufundishwa. Makato kwenye pamba ya mkulima yakaongezeka, na kila kato lilikuwa na sababu nzuri ofisini Mwanza na halikuwa na mtu wa kulieleza kijijini.

Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza ushirika nchi nzima. Iliyoyakuta hayana ugeni kwa mtu yeyote aliyekaa katika vyama vyetu: wanachama wasiojua mambo ya chama chao, watumishi wasio na ujuzi, wizi, na siasa kuingia mahali pa hesabu. Serikali iliingilia kati uendeshaji wa shirikisho, na kabla muongo haujaisha likaundwa upya kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Mwaka 1976, baada ya Operesheni Vijiji kuwakusanya watu vijijini, vyama vikuu vyote nchini vikavunjwa. Kijiji ndicho kilichotakiwa kuwa ushirika, na pamba ikachukuliwa na mamlaka ya serikali. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuvunja vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Sheria ya 1982 ilivirudisha, na mwaka 1984 Nyanza ikafunguliwa tena. Lakini ilirudishwa kwa tangazo, kama ilivyokuwa imefutwa kwa tangazo. Kisha katikati ya miaka ya 1990 soko la pamba likafunguliwa. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na fedha taslimu mkononi, huku chama kikuu kikiwa na vinu vilivyochakaa, watumishi wengi na madeni ya benki. Mkulima aliyekuwa na mtoto wa kumlipia ada hakuwa na sababu ya kusubiri.

Hesabu matukio hayo: 1966, 1976, 1984, na kufunguliwa kwa soko. Mara nne nyakati zilibadilika, na mara zote nne mpango wa chama uliandikwa upya na mkono wa nje: tume, amri, sheria, kisha soko. Sisemi kwamba wanachama walikuwa wazembe. Nasema hawakuwa wamejengewa mahali pa kusema, “Huu mpango wetu haututoshi tena,” kabla mtu mwingine hajalisema hilo. Chama kisichoufungua mpango wake chenyewe, siku moja hufunguliwa na wengine, na wao hawaanzii kwenye swali la mwanachama.

*Iko wapi leo?*

Kwa hiyo nilipokuwa pale Magu na karatasi zile mbili, niliwauliza wajumbe swali moja tu: mizani iko wapi leo?

Wa kwanza kujibu alielekeza kidole kwenye ghala. Kweli, mizani ya chuma ingalipo, na bado inastahili kuangaliwa. Mizani ya rula, ile ya mkono wenye kipimo kinachosogezwa, ililalamikiwa miaka mingi kwa sababu msomaji wake ni mmoja na waaminio ni wengi. Sasa mizani ya kidijitali inachukua nafasi yake, na namba inawaka mbele ya wote. Hiyo ni hatua njema. Lakini tulipozungumza zaidi tuliona kwamba mahali ambapo mkulima anaweza kupunjika pamehama. Kilo zinaweza kuwa sahihi kabisa na mkulima bado akarudi nyumbani bila kuelewa.

Mizani moja iko kwenye bei. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ilikuwa imeanguka, wanunuzi wakasitasita, na wakulima wengi walikaa muda mrefu wakisubiri fedha zao. Msimu uliofuata bei ikatangazwa 810. Mpango wa chama ulioandikwa kwa kudhani kwamba bei itapanda kila mwaka ulikuwa umepindukia shimoni katika msimu mmoja. Mwanachama anahitaji kuelezwa mjengeko wa bei, yaani kinachoingia na kinachotoka kati ya soko la dunia na mfuko wake, kwa lugha ya kibaraza.

Mizani ya pili iko kwenye makato ya pembejeo. Mbegu na dawa zinatolewa kwa mkopo mwanzoni, zinalipwa kwa kilo mwishoni. Katikati kuna daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ndilo mizani. Mama yule hakuwa akidai fedha zaidi. Alidai kuliona daftari.

Ya tatu iko angani. Pamba ya kanda hii hupandwa kati ya Novemba 15 na Desemba 15, na ratiba hiyo imejengwa juu ya mvua zilizozoeleka. Wazee wa kando ya ziwa wanakumbuka jinsi maji yalivyopanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964. Mei 2020 yalikifikia tena kiwango kile cha 1964, yakavamia mashamba, mialo na nyumba. Kuna misimu mingine ambayo mvua za mwanzo huja, zikaotesha mbegu, kisha zikanyamaza. Mkulima anapopanda mara mbili, deni la mbegu nalo huwa la mara mbili, na chama kisichokuwa na la kusema juu ya hilo kimemwacha peke yake na mbingu.

Ya nne iko kwenye mazao mengine. Katika kijiji kile wengi walikuwa wamepunguza pamba na kulima choroko, dengu na mpunga. Katika miaka ya karibuni choroko na dengu za kanda hii zimeanza kuuzwa kwa stakabadhi za ghala na minada kupitia vyama vya msingi vile vile vilivyoundwa kwa ajili ya pamba. Wapo wakulima walioufurahia mnada, na wapo waliolalamika kwamba fedha inachelewa wakati mnunuzi wa njiani angewalipa papo hapo. Malalamiko hayo hayapaswi kuitwa ukaidi. Ni yale yale yaliyowapeleka wakulima wengi kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990. Chama ambacho mpango wake wa kurasa hamsini unataja pamba peke yake kinapima zao ambalo nusu ya wanachama wake wanaliacha.

Na ya tano iko kwenye umri. Nilihesabu waliokuwa kikaoni: hakuna aliyekuwa chini ya miaka arobaini. Vijana walikuwa njiani na bodaboda, au kwenye dagaa mwaloni, au Mwanza mjini. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli linavuka ghuba kati ya Kigongo na Busisi, na gari lililosubiri kivuko kwa saa kadhaa sasa linapita kwa dakika chache. Barabara zinapofupika, kijana anazijua bei za masoko matatu kabla katibu hajabandika tangazo. Anaweza kuwa mpimaji mpya wa wakulima, kama chama kitampa mahali.

*Kung’oa maotea*

Tulipomaliza kuitafuta mizani, wajumbe walitaka kuongeza malengo matano mapya kwenye yale kumi na manne ya zamani. Hapo mzee mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alisema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo.

“Pamba tukishavuna,” alisema, “tunaacha maotea shambani?”

Kila mkulima wa pamba anajua jibu. Kufikia Septemba 15 miti yote ya msimu uliopita inapaswa iwe imeng’olewa na kuchomwa. Miti hiyo ikiachwa huchipua tena, huonekana ya kijani na yenye uhai, na hata hutoa vitumba viwili vitatu vya kumdanganya mtu. Lakini ndani yake wadudu na magonjwa huvuka kiangazi na kuusubiri mmea mpya. Mkulima mvivu wa kung’oa anamlea funza wake mwenyewe.

Malengo ya zamani yako hivyo hivyo. Katika mpango ule kulikuwa na lengo la kujenga jengo la ofisi la ghorofa. Kulikuwa na lengo la kununua trekta, ambalo bodi tatu mfululizo zilikuwa zimelirithishana. Hakuna aliyeyaamini tena, lakini hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyeyaua. Na kwa kuwa yalikuwapo, kila mwaka makisio yalitenga fedha kidogo kwa ajili yake, na fedha hizo ndizo ambazo zingetosha kumlipa kijana wa kukaa na kila mwanachama na kumsomea makato yake.

Kuhuisha mpango ni kazi ya jembe kwanza, halafu kalamu. Niliwaomba wachukue kila lengo na kuliuliza: linamsaidia mwanachama kwenye mizani ipi kati ya hizi tano? Lililokosa jibu liling’olewa. Yakabaki manne. Baadhi ya wajumbe waliumia, na niliwaelewa, maana lengo la ghorofa lilikuwa ndoto ya mwenyekiti aliyekwisha kufariki. Tuliandika jina lake katika kumbukumbu za kikao kwa heshima, kisha tukaendelea.

Tulikubaliana pia juu ya wakati. Mpango wa miaka mitano usifunguliwe baada ya miaka mitano. Mkulima hufanya hesabu zake kila mwaka kati ya malipo ya mwisho na mbegu ya kwanza, na chama nacho kifanye hivyo hivyo. Wakaweka mkutano wa wanachama wiki ya mwisho ya Septemba, maotea yakiwa yamechomwa na mvua zikiwa hazijaanza. Na wakaweka dalili tatu ambazo zikionekana mkutano uitishwe hata kama si Septemba: bei ikishuka kwa robo ya ile ya msimu uliotangulia, malipo yakichelewa zaidi ya mwezi, au mwanachama mmoja kati ya wanne akiuza nje ya chama. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipenda zaidi. Mwanachama anayeuza njiani amekwisha kupiga kura, na chama chenye busara huihesabu kura hiyo mapema.

Ushirika wetu umejaa sheria nzuri kwa sasa. Ipo sheria ya 2013, ipo tume ya kuvisimamia vyama, ipo mifumo ya kompyuta ya kutunza taarifa zao, na mwaka 2025 imezinduliwa Benki ya Ushirika. Navipokea vyote kwa moyo mmoja. Lakini Nyanza haikuanguka kwa kukosa sheria. Ilianza kuanguka siku mizani ilipokuwa ya chama na hakuna aliyeona haja ya kuipima tena.

Kikao kilipokwisha jua lilikuwa limeelekea ziwani. Mpango mpya ulikuwa kurasa sita zilizoandikwa kwa mkono, na katibu alikuwa akitafuta mtu wa kuuchapa. Lengo la kwanza lilisomeka hivi: kila mwanachama atasomewa stakabadhi zake mbili, ya mizani na ya malipo, ana kwa ana, kabla hajaondoka kituoni. Yule mama aliomba asomewe sentensi hiyo mara ya pili. Kisha akazikunja karatasi zake mara nne, akazifunga katika pindo la kanga, akamwambia katibu kwamba atakuja nazo Septemba.